Pima volti kwanza, transista uiache kwenye bodi

Mwezi wa saba mwaka jana, baridi lile la Mbeya mnalolijua, alikuja mzee mmoja wa kwaya kutoka upande wa Tukuyu kabeba amplifaya kwenye kiroba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, alafu akasema mwanangu hii imebadilishwa transista mara tatu, mpya zote, na bado wanakwaya wanasikika kama wanaimba ndani ya debe. Mara tatu! Na kila mara kalipa hela.

Nikafungua, nikawasha na volti 12, sikuchomoa kitu, nikaweka mita kwenye miguu mitatu ya ile transista ndogo ya BC547 ya sehemu ya maiki, yaani emita, besi na kolekta. Emita iko graundi, besi volti 0.7, kolekta volti 0.2. Basi hapo jibu unalo tayari. Kolekta ikishuka mpaka 0.2 ujue transista imefunguka yote, imejaa, sauti ikija haina pa kushuka, inakatwa upande mmoja na ndio huo mkwaruzo wa debe. Transista yenyewe nzima kabisa, hata zile mbili za kwanza naamini zilikua nzima.

Sasa kwanini imejaa? Saketi yenyewe ilikua na risista moja tu ya kuipa besi mkondo, 1M (ohm milioni moja) kutoka kwenye volti 12, na kwenye kolekta kuna risista ya 2.7k (ohm 2,700). Piga hesabu, 12 toa 0.7 gawa kwa 1M unapata maikroampea 11 na kitu. Kama beta, yaani mara ngapi transista inakuza mkondo wa besi, ni 200, kolekta inapita miliampea 2.3 hivi, 2.7k inakula volti 6, kolekta inabaki karibu 6, katikati kabisa, safi. Ila BC547 zina herufi mwishoni, A, B na C, na beta zake zinaanzia 110 mpaka 800. Iliyokuwepo zamani ilikua B, fundi kaweka C, na C inaanzia 420. Mkondo ule ule wa besi ukizidisha kwa 500 risista ya kolekta inatakiwa kula volti 15 wakati wewe unazo 12 tu. Utabadilisha hata mara kumi, ukiweka C itajaa.

Mimi nasema wazi, bayasi (ule mkondo wa kuanzia unaopewa besi) ya risista moja ni ya kuacha. Nilimwekea mzee risista mbili za kugawa volti, 47k na 10k, na 1k kwenye emita yenye kapasita yake, kolekta 4.7k. Besi inakaa kama 2.1, emita 1.4, kolekta 5 na kitu, na hapo weka A weka C haibadiliki sana kwa sababu mkondo ukitaka kuzidi emita inapanda yenyewe na kuibana besi. Hata betri ya sola ikishuka mpaka 10 kule kijijini, kolekta bado inakaa karibu na nusu na kwaya inaendelea.

Alafu kuna joto, na hili huku kwetu nyanda za juu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Volti ya besi kwa emita inapungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Asubuhi ya Julai unawasha kitu kiko nyuzi 8, mchana ndani ya boksi zimefika 50, hizo ni milivolti zaidi ya 80, na milivolti 60 tu zinatosha kuzidisha mkondo mara 10 kama bayasi haifuati joto! Ndio maana transista kubwa za kutoa sauti zinawekewa diodi iliyobanwa kwenye hitsinki (kile chuma cha kutoa joto), ili joto likipanda nayo ishushe bayasi. Ya mzee ilikua inaning'inia hewani, mtu kaichomoa akasahau kuirudisha. Ibada ikinoga mkondo unapanda, joto linapanda, mkondo unazidi tena, mpaka zinaungua. Inaniuma sana kwa sababu watu wanachanga hela hizo.

Na wauza spea nao, pakiti moja wamechanganya A, B na C, ukiuliza herufi wanakushangaa. Wengine wanakupa C1815 wanasema ni ile ile, wakati miguu yake haijapangwa sawa, besi iko pembeni sio katikati. Mimi siku hizi naenda dukani Mwanjelwa na mita yangu mfukoni, nazipima moja moja pale kaunta, kwenye yale matundu ya mita yaliyoandikwa hFE, yaani ya kupima beta, ambayo mafundi wengi hawajawahi kuyagusa.