Nilivyokunywa Fanta ya mzimu Chiang Mai

Naanza na kazi yangu, maana msipoijua hamtaielewa aibu niliyoipata. Mimi natembeza watalii Tanga, wenyewe mtaani wanatuita magaidi, jina ambalo ukienda nalo uwanja wa ndege utajua hujui. Nawapeleka Usambara, nawapeleka Pangani, na zaidi nawapeleka mapango ya Amboni. Sasa mle ndani kuna pembe watu wanaweka vitu vya tambiko, chupa za marashi, vitambaa, ubani, sarafu, na kila nikifika pale na kundi langu nasimama nakaza sura nasema jamani hapa MSIGUSE. Kuna kijana mmoja Mjerumani aliokota sarafu akitaka kuipiga picha nikamfokea mpaka mwenzake akaanza kulengwa na machozi. Bibi yangu anakaa Kiomoni, jirani kabisa na hayo mapango, mi nimekulia kwenye hilo neno. Vya mzimu haviguswi.

Haya. Wageni wangu wote wana hadithi moja, wamepita Thailand, wamepita Laos, wamepita Nepal, wamelala kwenye mahekalu, begi mgongoni na ndala mguuni, na mi namwonyesha mtu popo pangoni huku naona wivu. Nikachangisha hela miaka miwili, Aprili 2024 nikapanda ndege mpaka Bangkok. Mambo ya viza msiniulize, ile stori nyingine inataka siku yake.

Bangkok nikalala siku mbili nikakata tiketi ya treni ya usiku kwenda Chiang Mai kaskazini, kilomita kama 750 hivi. Tiketi naisoma naona mwaka 2567. Nikarudi dirishani mbio, dada umenikatia tiketi ya miaka mia tano ijayo, akacheka mpaka akaita wenzake. Kumbe wenzetu wanahesabu tangu Buddha alipofariki, kwa hiyo kwao mi nilikuwa nimechelewa miaka 543. Nikajisemea sawa, somo la kwanza hilo. Laiti lingekuwa la mwisho.

Treni imefika asubuhi tarehe 12. Kutoka stesheni mpaka mji wa zamani ule uliozungukwa na handaki la maji ni kama kilomita tatu, kuna vipikapu vyekundu vya mabenchi mawili yanayotazamana, chai maharage kabisa, zile daladala za pikapu za enzi zile, lakini mi nikajifanya komando nikasema natembea. Aprili! Joto la Chiang Mai mwezi wa nne lisikie tu, na juu yake moshi wa mashamba yanayochomwa, mlima upo pale lakini huuoni. Begi kilo 14. Njiani nikaona kila duka limetoa nje ndoo na bastola za plastiki za maji, mabastola makubwa mengine yana tangi la mgongoni, nikasema moyoni watoto wa huku wanapendwa. Sikuuliza. Mtu mzima, mtembeza watalii, sikuuliza.

Nafika gesti ulimi nje. Kijana wa mapokezi ananiambia kitanda mpaka saa nane mchana, ila pumzika bustanini, na kinywaji cha kukaribisha wageni kipo nje, kile chekundu. Haya ndiyo maneno yake, chekundu, nje, naweza kula kiapo.

Nikatoka nje. Chini ya mwembe kuna nguzo ya zege imefika kifuani na juu yake kijumba kizuuuri, paa la dhahabu limechongoka, madirisha, ngazi, nikakadiria ni banda la njiwa la mtu mwenye pesa. Mbele yake kibaraza kama meza. Mezani pametandikwa shada la asumini, udi unafuka, ndizi mbili ndogo, na Fanta nyekundu ya chupa imefunguliwa na mrija umeshachomekwa. Sasa niambieni nyinyi watu wa Pwani. Asumini, udi, soda na mrija. Hapo mtu wa Tanga anasoma nini kama siyo KARIBU MGENI? Nilihisi hata kutaka kulia, nikasema hawa ni ndugu zetu hawa, bahari tu ndiyo ilitutenganisha.

Chupa ilikuwa inatoka jasho. Soda imepanda ndani ya mrija imefika nusu, na juu ya mrija kuna sisimizi mmoja anatafakari aingie au asiingie. Nikampuliza. Nikavuta mkupuo mmoja mpaka ule mlio wa mwisho wa krrrrr. Nikala ndizi mbili. Nikacheua. Na kwa sababu nimelelewa, chupa nikairudisha pale pale nilipoikuta, mrija nikaunyoosha, maganda nikayapanga vizuri moja huku moja huku, nikalikumbatia begi langu kwenye bembea la kamba nikapitiwa na usingizi.

Nimeamshwa na yowe.

Mama mwenye gesti, mama wa makamo, kanga imefungwa (haiitwi kanga kule lakini ni kanga), kapiga magoti mbele ya banda la njiwa ameshika shada jipya, anaangalia chupa tupu, anaangalia maganda, anaangalia ndani ya kijumba. Akaita. Akaja kijana wa mapokezi. Akaja jirani wa kushoto na mwiko mkononi. Akaja fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara. Ndani ya dakika kumi wamejaa watu kama kumi na tano wote viganja vimekutana kifuani wananong'ona, na mmoja anahesabu maganda kwa kidole.

Nikamwita kijana pembeni, kuna nini? Akaniambia kwa sauti ya chini macho yanang'aa: leo mwenye mahali amekunywa.

Mwenye mahali nani?

Ndipo akanipa darasa ambalo mi nawapa wazungu kila wiki kwa pesa. Kila kiwanja kina mwenyewe wa tangu kale, roho, sasa ukija kujenga umemwondolea makazi, kwa hiyo na yeye unamjengea kijumba chake, mahali ambapo kivuli cha nyumba yako hakimwangukii, na kila siku unamtilia chakula na maua asikasirike. Nikamuuliza si nyie Wabudha? Akasema ndiyo, watawa tunawapa chakula alfajiri, lakini mwenye kiwanja naye ana haki yake. Hapo hata sikubisha, kwetu mtu anaswali tano na bado akipita chini ya mbuyu fulani anasalimia. Nikauliza na hiyo soda kwa nini nyekundu, akasema wengine husema inasimama badala ya damu waliyokuwa wanapewa zamani.

Tumbo langu likageuka upande.

Nikafungua mdomo niseme ukweli, wallahi nilifungua, lakini yeye akaendelea, siku zote roho inakula harufu tu, leo imekula na chakula chenyewe chote, mama hajawahi kuona, na bahati nasibu ya serikali inachezeshwa tarehe 16! Ndizi mbili, chupa moja, wanatafuta namba. Nageuka namwona fundi pikipiki ameshatoa waleti. Na kile kinywaji cha wageni? Ah, akasema, si kipo pale kwenye jagi, juisi ya rozela. Kweli kulikuwa na jagi kibarazani. Jekundu. Nje. Nilikuwa nimelipita.

Nikafunga mdomo.

Mchana nikakimbilia Doi Suthep, hekalu la mlimani, nikasema hewa itanisaidia. Ngazi zaidi ya mia tatu, na kila upande kuna joka limejilaza kutoka chini mpaka juu. Ngazi ya mia na kitu ndala yangu ya kushoto ikakatika. Ishara ya kwanza. Juu nikavua ile iliyobaki, nikafunga kikoi changu vizuri magoti yasionekane, nikakaa mbele ya sanamu na kwa uchovu nikanyoosha miguu, mzee mmoja akanigonga goti taratibu, kumbe nyayo haziwi zinamwelekea Buddha hata siku moja. Ishara ya pili. Mtawa akanirushia maji kwa kifagio akanifunga uzi mweupe mkononi, sikumkatalia, kwa hali ile hata angenifunga ng'ombe ningempokea.

Usiku nikaona siwezi. Nikamtumia bibi voisi, nikaeleza yote, nikitegemea anipoze. Voisi yake ikaja dakika tatu, sekunde ishirini za kwanza ni kimya na kuku.

"Mjukuu wangu," akaanza, na mkisikia bibi yangu kasema mjukuu wangu badala ya jina lako ujue umekwisha. "Mjukuu wangu weye. Umetoka hapa umepita mizimu ya kwenu yote hukugusa hata senti, ukapanda ndege, ukaenda kunywa ya watu. Ya watu! Usiowajua hata lugha! Utamwombaje radhi nawe hukijui Kichina chao?" Nikajibu bibi siyo Kichina. Akasema ndo vibaya zaidi. Hukumu yake, rudisha ulichokula, kiwe kingi kuliko ulichokula, na useme kwa mdomo wako mwenyewe. "Na kabla hujarudisha usitoke nje, watakukamata kwa maji. Mizimu wa huko, kwa ile soda, nawajua ni wa maji hao."

Alivyojua sijui.

Kesho yake tarehe 13 asubuhi nikasema nitoke haraka nikanunue Fanta nirudi. Nimefungua geti, hatua ya tatu, ndoo nzima ya maji ya barafu mgongoni. Nageuka, ni yule jirani wa mwiko, anacheka. Nikasema huyu amejua. Nikakimbia kulia, pale fundi pikipiki na mpira wa kuoshea magari, usoni. Na yeye amejua! Nikakata kona kuelekea handakini nikakuta MJI MZIMA, pikapu zimepakia mapipa ya maji, watoto, wamama, wazee, polisi amelowa, mzungu amelowa, na wote wakiniona, mweusi mrefu peke yangu mtaa mzima mguu mmoja ndala mguu mmoja kiatu cha raba, wanapiga kelele za furaha wananielekea mimi. Nilipiga shahada. Nikapiga mikono juu nikapaza sauti kwa Kiswahili, NITALIPA, NALETA FANTA, NITALIPA! Bibi kizee mmoja mdogo hivi akanisogelea taratibu kabisa, akanimwagia begani maji yananukia asumini, halafu akachovya vidole kwenye kibakuli cha unga mweupe uliokorogwa akanipaka shavu la kulia, shavu la kushoto, anatabasamu. Mi kwetu mtu akipakwa nyeupe namna ile na mzee anayetabasamu, anayefuata kuchinjwa ni yeye au mbuzi, na mbuzi sikumwona.

Dukani nimefika nimelowa mpaka soksi. Muuza duka naye akanimiminia kikombe kidogo kwenye bega, kwa adabu, kisha akanihesabia chenji. Nikanunua Fanta saba.

Ni yule kijana wa mapokezi alinieleza nilivyorudi natetemeka. Songkran. Mwaka mpya wao, kila tarehe 13 mpaka 15 Aprili, wanamwagiana maji kuosha mwaka uliopita, na Chiang Mai ndiyo inaongoza kwa fujo. Ndoo, bastola, bei ya kitanda iliyokuwa mara mbili, vyote nilikuwa nimeviona. Nusu ya watalii waliokuja mji ule walikuja kwa ajili hiyo hiyo. Mi peke yangu nilidhani ni kesi.

Lakini deni lilikuwa pale pale. Nikamfuata mama mwenye gesti na chupa zangu saba. Kijana alishanifundisha, mtu mkubwa kwako mwite Pii, yaani dada au kaka. Kitu hakuniambia ni kwamba Kithai kina kupanda na kushuka kwa sauti, Pii ikishuka ni dada, ikipanda kama unauliza swali ni mzimu. Sasa mtu anayeomba radhi sauti yake inapanda au inashuka? Nikapiga magoti nikaunganisha viganja nikasema "Pii? Pii? Fanta," nikajionyesha kidole tumboni. Mama akarudi nyuma akashika mlango. Nikarudia kwa msisitizo, mzimu, mzimu, Fanta, tumboni. Na ukweli ndio ulikuwa huo, sema lugha ilinitangulia.

Kijana akatafsiri kwa muda mrefu huku akijizuia. Mama akaniangalia. Akaangalia chupa saba. Akacheka kile kicheko cha kukaa chini, anajipiga paja, akaita jirani, akaita fundi pikipiki, nikarudia kuigiza sisimizi mara tatu kwa maombi ya watazamaji. Swali moja tu aliniuliza kwa umakini, wakati nakunywa udi ulikuwa umeisha au unawaka? Maana ukiisha, roho imeshiba, binadamu anaruhusiwa kula kinachobaki. Nikasema kimoja kilikuwa bado kinatoa moshi kidogo. Akafikiri. Akasema basi mlikunywa pamoja.

Nikauliza kwa unyonge, na bahati nasibu sasa, si mmepoteza hela? Akashangaa, tupoteze kwa nini, mzimu haukukosa mdomo wa kutumia, umetumia wako. Halafu akachukua kalamu akaniuliza nalala kitanda namba ngapi, na nina miaka mingapi.

Nikapanga Fanta saba kibarazani mwenyewe, kila moja na mrija wake, nikapiga picha nikamtumia bibi na voisi ndefu ya maelezo, ndizi mbili, chupa moja, kitanda namba tano, namba walizochukua, kila kitu, nikamwambia nimerudisha na nimesamehewa, nipe radhi.

Tiki za buluu zikatokea. Nusu saa kimya. Kisha voisi, sekunde sita.

"Radhi nimekupa. Hizo namba, hebu zirudie polepole niandike."