Yuro Moja ya Kabati

Ninaandika maneno haya Jumapili usiku, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, huku mama watoto akiniuliza kwa mara ya tisa, kutoka chumba cha pili, yuro yake moja iko wapi. Mara nane nimemjibu. Mara hii nimenyamaza, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi ya ukarani bandarini Lindi kwa miaka 31, akastaafu bila doa katika jalada lake, hapaswi kuhojiwa kama kibaka kwa ajili ya sarafu.

Msomaji mwenye mtoto ughaibuni anazijua safari hizi, nami sitampotezea muda kwa habari za viza, baridi, wala ule unga wa muhogo ulionusurika kwa dua. Unapokewa uwanja wa ndege kwa machozi, siku mbili unalishwa kama bwana harusi, na siku ya tatu mwanao anakumbuka kwamba ana kazi. Sasa, kwa kuwa hawezi kuwaacha wazee watatu ndani mchana kutwa wakitazamana, anawaandikia orodha ya makumbusho. Hapa Berlin yako zaidi ya 150. Binti yangu ameyaandika kwa wino wa rangi tatu, akaibandika orodha kwenye mlango wa jokofu, kisha akatukabidhi, mimi, mama yake na mjomba wake, kwa mjukuu wetu wa miaka minane aliye likizo. Mtoto huyo ndiye kiongozi wa msafara na mkalimani wake, na haachi kutukumbusha kwamba katika makumbusho ya serikali walio chini ya miaka 18 huingia bure, maana yake sisi ndio tunaotia hasara.

Hata bahati yenyewe imetukwepa. Mpaka mwisho wa mwaka 2024, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho mengi ya jiji hili hayakutoza kiingilio kwa mtu yeyote. Bajeti ikapunguzwa, utaratibu ukafutwa, na sisi tukafika kitumbua kikiwa kimeshaingia mchanga.

Tulianza na Kisiwa cha Makumbusho, kilicho katikati ya mto Spree. Kina majumba matano. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1830 na la tano mwaka 1930, yaani Wajerumani walijenga kwa miaka mia bila kuchoka, nami nikachoka kwa saa mbili za kuyazunguka. Hilo la tano, lenye madhabahu ya Pergamon, limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Sehemu yake moja inatarajiwa kufunguliwa mwaka 2027 na kazi yote kukamilika mwaka 2037, nami hapo, Mungu akinijalia, nitakuwa natembelea mkongojo. Shemeji alisimama mbele ya uzio wa mafundi, akaupiga picha uzio, akasema wa Lindi hawataijua tofauti.

Jirani yake kuna jumba liitwalo Makumbusho Mapya, ambalo lilijengwa kabla babu yangu hajazaliwa. Humo yumo Malkia Nefertiti, kichwa na shingo, aliyechongwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita na kufukuliwa Misri mwaka 1912. Wamisri wamemdai mara nyingi, lakini bado yuko pale chumbani peke yake, na kumpiga picha ni marufuku. Jicho lake la kushoto halina mboni. Mama watoto alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa huruma, “Maskini, kumbe naye ana mtoto wa jicho,” na tangu siku hiyo humtaja kama mtu waliyelazwa naye wodi moja.

Kuhusu masanamu ya Wagiriki na Warumi nitasema tu kwamba mtandio wa bibi ulifunika macho ya mjukuu kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, na kwamba shemeji alihitaji kuitwa mara mbili.

Kule Humboldt Forum, kasri la wafalme lililobomolewa na kujengwa upya, ambako vitu vya Afrika na mabara mengine vimepandishwa ghorofani, tuliingia bila kulipa, na ni siku hiyo pekee ambapo mama watoto hakuigeuza bei ya tiketi kuwa kilo za sembe. Aliona kigoda ndani ya kioo, akataka kukikalia.

Jumamosi tulikwenda kwenye jumba la michoro ya kale, na huko, nakiri, nilifurahi. Kuna ubao alioupaka Pieter Bruegel mwaka 1559, wenye methali zaidi ya mia za Kiholanzi zilizorundikwa katika kijiji kimoja. Huyu anafukia kisima, ndama akiwa keshazama; yule anagonga kichwa ukutani; mwingine ananyoa kondoo, na jirani yake anahangaika kumnyoa nguruwe. Nilisimama hapo dakika arubaini, kwa sababu mtu wa pwani ukimwonyesha methali umemwonyesha ndugu zake. Yule wa kugonga kichwa ukutani nilimcheka sana. Sikujua kwamba kesho yake tungebadilishana nafasi.

Sasa nije kwenye jambo la leo. Jumba lenyewe silitaji, kwa maana sikulelewa kuwasema watu. Tiketi zilikuwa za saa maalumu, saa 4:30 asubuhi, ambayo wao huiandika 10:30, na ambayo shemeji alikwisha kuisoma kuwa saa kumi na nusu alasiri, akarudi kulala. Tulimwamsha, tukafika mlangoni dakika kumi kabla, na kama karani nilijisikia vizuri sana, mpaka mlinzi alipokiona kikapu.

Kikapu cha mama watoto ni cha ukili, kimesukwa vizuri, na kilikuwa na chupa ya chai, chapati sita, mwavuli, dawa zangu za presha, ndala za akiba na kanga ya dharura. Mlinzi alikitazama, akakohoa, akatoa hotuba ndefu ya Kijerumani yenye vituo, mikono na, nilivyoona mimi, vifungu vya sheria. Tuligeuka sote kumtazama mkalimani.

“Babu, anasema hapana.”

“Maneno yote yale, mjukuu wangu, ni hapana tu?”

“Na anasema karatasi.”

Ilibainika kwamba mfuko wowote unaozidi ukubwa wa karatasi ya A4 hauruhusiwi kuingia. Mlinzi alichukua kipande cha boksi kilichokatwa kwa kipimo hicho, akakisimamisha kando ya kikapu kwa utulivu wa mtu anayepima sanda. Kwa upana tukafaulu. Kwa urefu tukaangushwa na kifuniko cha chupa ya chai. Nilipendekeza tuilaze chupa. Alitikisa kichwa, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kunitazama, akaliona na koti langu nililolitundika mkononi, hotuba ikaanza upya: koti ama ulivae mwilini ama ulihifadhi chini, mkononi haliruhusiwi. Nililivaa. Ndani ya jumba lile palikuwa na joto kama la Machi kule kwetu, nami nilitembea nimefungwa vishikizo hadi shingoni kwa heshima ya sheria za nchi ya watu.

Makabati ya kuhifadhia mizigo yako ghorofa ya chini, yamepangwa kama makaburi ya ukutani, na kila moja hutaka sarafu ya yuro moja ndipo ufunguo uzunguke. Sarafu hurudi mwenyewe ukifungua. Hilo mjukuu alilieleza kwa ufasaha, na naomba lizingatiwe. Mimi nilikuwa na noti ya ishirini. Nilikwenda kwenye duka la kadi za posta kuomba chenji, wakaniambia hapo hawapokei fedha taslimu. Nikapanda kwenye mkahawa, nikanunua maji nisiyoyataka, ambayo yalikuwa ya gesi na yenye ladha ya soda iliyofiwa, nikarudishiwa noti na sarafu za yuro mbili. Nikashuka. Kabati likaitema ya yuro mbili. Nikaiingiza tena kwa upole, likaitema. Nikaiingiza kwa namna nyingine, ambayo siyo ya upole, na bibi mmoja wa Kijerumani akatuonea huruma, akatoa mkobani duara la plastiki wanalotumia kukomboa matoroli ya madukani, akanipa kwa tabasamu. Mimi, niliyekamata hati za kughushi bandarini kwa miaka 31, niingize fedha ya plastiki katika kabati la umma! Nilimrudishia kwa kuinama. Ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa Bruegel na ukuta wake, nikamwomba radhi moyoni.

Wakati huo mama watoto alikuwa amekaa kwenye benchi, anatutazama. Aliinuka bila haraka, akafungua vishikizo vya koti lake kimoja kimoja, akafungua sweta, akafika kwenye kanga aliyojifunga ndani, akalifungua fundo la pindo kwa meno, na ikatoka yuro moja inayong’aa.

“Mbona hukusema tangu mwanzo?”

“Uliniuliza, baba watoto?”

Kabla hajanipa alinishika mkono na kuniambia, mbele ya mashahidi, kwamba huo ni mkopo.

Tukaingiza kikapu, tukaingiza sarafu, ufunguo ukazunguka, tukapanda ngazi. Mlangoni nikaulizwa tiketi. Tiketi zilikuwa ndani ya kikapu. Tukashuka, tukafungua, sarafu ikarudi, tukachukua tiketi, tukafunga, tukapanda, na hapo nikagundua kwamba miwani yangu ya kusomea iko kwenye kikapu, na mtu aliyetoka Lindi kuja kutazama sanaa hawezi kuitazama kwa kukisia. Tukashuka. Mara ya tatu ufunguo ulikataa kuzunguka kwa sababu shemeji alikuwa ameufungia humo mkono wa koti lake, yeye mwenyewe akiwa bado amelivaa. Watu waliotuzunguka walikuwa wengi kuliko nilioona mbele ya Nefertiti.

Tulipofika juu ilikuwa saa 5:10. Mlinzi alitazama tiketi, akatazama saa, akakohoa.

“Babu, anasema hapana.”

Hapo, ndugu msomaji, jalada langu lisilo na doa lilipata doa. Nilimwambia yule bwana, kwa Kiswahili sanifu na kwa sauti ambayo nasikia ilifika mkahawani, kwamba katika jiji hili hili, kwenye makumbusho ya viumbe, imesimama mifupa ya dinosaria, mjusi wa kale, mwenye kimo cha mita 13.27, na mjusi yule ni mtu wa kwetu. Alifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, watu wakiwa hawajamaliza hata kuzika wa Majimaji iliyokwisha 1907, mashamba yameungua, njaa imetanda. Nao wakaibeba mifupa yake na ya wenzake vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu hadi pwani, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa bandarini Lindi, bandari yangu mimi, ikaja hapa. Aliyewasimamia wafukuaji ni Boheti bin Amrani. Malipo yake makubwa ni kwamba mwaka 2007 mnyama mmoja wa mifupa ile alipewa jina la kisayansi lenye jina lake ndani, na sijui kama kuna chapati unayoweza kununua kwa hilo. Tani mia mbili! Na siku zile zote, bwana mlinzi, wakati mifupa inapita mtu na mzigo wake, hakuna hata mmoja aliyesimama gatini na karatasi ya A4!

Nilinyamaza nikihema. Mlinzi akamgeukia mjukuu, akasubiri.

Mjukuu alisema maneno mawili. Mlinzi akatabasamu, akafungua kamba, akatuinamia tupite. Tulipofika chumba cha pili nilimuuliza mtoto amemwambia nini.

“Nimemwambia babu anasema samahani.”

Sanaa yenyewe sikuiona vizuri, kwa kuwa miwani ilikuwa imeingia ukungu ndani ya lile koti. Shemeji alilala kwenye kiti cha ngozi mbele ya mchoro wa bahari, na Wajerumani wawili walipita kwa kunyata wakidhani anatafakari. Tulipotoka nilifungua kabati, nikakitoa kikapu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, tukakimbilia treni. Sarafu ilikuwa imerudi kwenye kitundu chake, kama mjukuu alivyoahidi. Ilibaki humo humo.

Mama watoto aliikumbuka tukila ugali. Anataka kesho nikaifuate. Nimemwonyesha kwamba nauli ya mtu mmoja, kwenda peke yake, inazidi yuro tatu. Ameniambia nauli ni yangu, yuro ni yake, nisichanganye hesabu za watu wawili. Nimemwonyesha pia kwamba kesho ni Jumatatu, na Jumatatu makumbusho mengi ya mji huu hufungwa. Amekubali Jumanne.

Chapati sita zimerudi zikiwa sita, kwa maana kule kula nako hakuruhusiwi, nami nimezikumbuka sasa hivi na kumimina chai, na nashangaa kukuta kwamba chai ya saa kumi na mbili asubuhi bado inaunguza ulimi. Chupa ile aliinunua Kariakoo mama watoto, nami nilimgombeza kuwa ni ghali. Kilichopoa ni maji ya beseni. Nimemwita mjukuu aniongezee ya moto, na amenijibu kutoka kitandani, bila kuinua kichwa, kwamba katika jengo hili bomba halifunguliwi ovyo baada ya saa nne usiku.

“Babu, hairuhusiwi.”