Home au Pro: elfu nane zaidi zanunua nini?

Shemeji yangu aliingia duka moja la kompyuta kando ya Moi Avenue hapa Mombasa akitafuta laptopu ya nyumbani, akatoka mikono mitupu. Kwenye kaunta alionyeshwa laptopu mbili, zote mpya, kampuni moja, prosesa moja, RAM gigabaiti 8 kila moja. Moja ilikuwa na Windows 11 Home na ya pili Windows 11 Pro. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi elfu nane. Kijana wa duka akamwambia, "Ami, chukua Pro. Home ni ya watoto, Pro ina kasi." Jioni akanipigia: "Shemeji, niongeze hizo elfu nane ama nisiongeze?"

Nikaona heri nimjibu kwa urefu, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Tuanze kwa kuliondoa lile la kasi, kwa sababu ndilo linalouza na ndilo la uongo. Home na Pro ni Windows ileile. Programu zinafunguka kwa mwendo uleule, michezo inacheza sawa, na kinga ya virusi inayokuja nayo, Defender, haina ya maskini na ya tajiri. Hata muda wa kuhudumiwa ni mmoja: kila toleo jipya la Windows 11 hupewa masasisho ya usalama kwa miezi 24, iwe Home iwe Pro. Kwenye karatasi utaona Home inakubali RAM hadi gigabaiti 128 na Pro hadi terabaiti 2. Mwenye kompyuta ya nyumbani yenye gigabaiti 128 huko Kisauni anijulishe, nije nipige picha nayo.

Kinachouzwa kwa elfu nane, basi, ni milango michache ambayo kwenye Home imefungwa. Swali ni kama nyumbani kwako kuna mtu wa kuipitia.

Mlango unaotajwa sana ni wa kuifikia kompyuta kutoka mbali. Ukiwa na Pro, waweza kukaa ofisini Shimanzi ukaiendesha kompyuta uliyoiacha nyumbani kana kwamba umeketi mbele yake. Hapa watu huchanganya mambo. Home inaweza kwenda ugenini, haiwezi kupokea wageni. Yaani binti anayefanyia kampuni ya ng'ambo kazi akiwa chumbani kwake Bamburi, na ambaye huingia kwenye kompyuta ya kazini kupitia intaneti, hahitaji kununua Pro. Anayeihitaji ni yule anayetaka kompyuta ya nyumbani ndiyo iingiwe. Na hata huyo ana njia nyingine: AnyDesk na Chrome Remote Desktop hufanya kazi hiyo kwenye Home bila malipo kwa matumizi binafsi. Ila kama unaendesha hesabu za duka la familia kutoka mbali kila siku, utachoka na programu za kuazima, na hapo Pro inaanza kuwa na maana.

Mlango wa masasisho unagusa mfuko moja kwa moja. Home inakuruhusu kuyasimamisha kwa wiki tano, kisha inakulazimisha. Pro, kwa mtu anayejua kuingia kwenye sera zake, inaweza kuahirisha toleo jipya hadi siku 365. Mji wetu ndipo nyaya za chini ya bahari zinapotua, TEAMS na SEACOM tangu 2009 na EASSy mwaka uliofuata, lakini hapa hapa kuna nyumba kibao zinazoishi kwa bando la simu. Laptopu ikiamua saa nne usiku kushusha gigabaiti kadhaa, bando la wiki linaisha kabla ya alfajiri. Mtu akiniambia amenunua Pro kwa sababu hiyo namwelewa, ila kuna dawa isiyogharimu kitu. Ndani ya mipangilio ya waifai, kwenye Home na Pro vilevile, kuna swichi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Iwashe, na masasisho mengi yatangoja hadi ufike kwenye waifai ya mtu mwingine. (Samahani kwa huyo mtu mwingine.)

Sasa usalama wa data. Hapa watetezi wa Pro wana hoja nzito, na hapa mimi mwenyewe nimeumia, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa.

Laptopu ikiibiwa kwenye matatu, mwizi hahitaji paswadi yako. Anafungua skrubu, anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu: picha, stakabadhi za shamba, nakala ya kitambulisho. Kinga yake ni kuisimba diski, yaani kila kilichomo kinageuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Pro ina BitLocker kamili: unachagua diski gani isimbwe, unaweza kuisimba hata fleshi, na ufunguo wa akiba unauweka unapotaka, kwenye fleshi ama kwenye karatasi iliyochapishwa. Home ina kijana wake mdogo, usimbaji wa kifaa, ambao hauna machaguo. Unawaka wenyewe ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unatumwa kwenye akaunti hiyo. Tangu toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, mashine nyingi zaidi zinapata kinga hii bila mwenyewe kuomba.

Hapo mtu atauliza, si ni sawa basi? Kazi ya kinga imefanyika, tena bure. Ni sawa, mpaka siku ufunguo utakapohitajika.

Laptopu ya binti yangu ilikuwa Home. Siku ya kuinunua, dukani kulikuwa na foleni, mimi nimesahau paswadi ya barua pepe yangu, na fundi akasema, "Mzee, usijali, nitaiwasha kwa akaunti yangu, utabadilisha ukifika nyumbani." Nikashukuru. Nyumbani sikubadilisha. Baada ya miezi kadhaa ikamwagikiwa chai, ikabadilishwa bodi kuu, na ilipowashwa ikatoa skrini ya samawati ikiomba ufunguo wa urejeshaji: tarakimu 48. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kama hicho. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti ya yule kijana, na kijana alikwisha kuacha kazi. Tulimpata Mtwapa. Barua pepe aliikumbuka, paswadi hakuikumbuka, na namba ya simu ambayo akaunti ingetumia kumtambua ilikuwa laini aliyoitupa. Diski ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Kilichokuwemo, zikiwemo picha zote za arusi ya dadangu, hakisomeki hadi leo.

Je, Pro ingeniokoa? Nimejiuliza sana. Pro ingenipa nafasi ya kuuchapisha ufunguo, ila nafasi humfaa anayejua kwamba ipo. Fundi yuleyule, foleni ileile, akaunti ileile, Pro nayo ingejisimba na kuupeleka ufunguo kulekule. Kwa hiyo nakubali kwamba BitLocker kamili ni bora, na kwa wakili ama daktari mwenye faili za watu kwenye laptopu yake ya nyumbani ningesema alipe hizo elfu nane bila kubishana. Kwa familia ya kawaida, swali la jina la nani liko kwenye akaunti ni zito kuliko neno Pro.

Hayo yote ni kwa anayenunua mpya. Wengi wetu hatununui mpya. Tunanunua mtumba kutoka Uingereza na kwingineko, laptopu zilizotumika maofisini miaka mitatu minne zikaletwa kwa kontena: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Na hapa mjadala wa Home na Pro unapinduka, kwa sababu ofisi hununua Pro. Leseni yake imeandikwa ndani ya bodi kuu yenyewe, kwa hiyo ukiifuta mashine na kuiwekea Windows upya, Pro inajitambua na kujiwasha. Umepata ya elfu nane bila kuilipia. Watetezi wa mtumba wana haki ya kutamba.

Ila Pro ya ofisini ina mkia. Kampuni kubwa huzisajili laptopu zake kwenye mfumo unaozitambua kila zinapoanzishwa upya zikiwa kwenye intaneti. Kampuni ikiziuza bila kuzifuta kwenye orodha, mashine inakwenda vizuri tu dukani bila mtandao. Nyumbani unaifuta, unaiunganisha, na inakukaribisha kwa jina la kampuni ya Ulaya ikikuomba barua pepe ya kazini. Hujaajiriwa huko, hutaingia. Ndiyo sababu nawaambia watu: kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji aifute mashine mbele yako, kisha uiunganishe kwa hotispoti ya simu yako na uipitishe hatua zote hadi mwisho. Akikataa, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tazama na umri. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojiandikisha nyumbani wakaongezewa muda wa usalama hadi 13 Oktoba 2026 tu. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu ya i7 ya kizazi cha sita ina stika ya kupendeza na bei nzuri, lakini Pro iliyomo ni ya Windows 10. Kwa mashine kama hiyo ningeacha kabisa habari za Home na Pro, niweke Linux Mint, mfumo wa kuchukua nafasi ya Windows, ambao ni bure, unafungua eCitizen na kazi za shule bila tabu, na hauombi chipu yoyote. Hasara yake ni printa za watu na majirani waliozoea Word. LibreOffice inasoma faili za Word, ila mpangilio wa ukurasa mara nyingine unaruka.

Kuna na wale wa kukuuzia ufunguo wa Pro mtandaoni kwa bei ya sahani ya biriani. Nyingi ya funguo hizo ni za leseni za jumla zilizotolewa kwa mashirika, na unaponunua hujui utadumu nao mwezi ama mwaka. Zile programu za kukraki, yaani za kuiwasha Windows bila leseni, ni balaa zaidi, kwa sababu jambo la kwanza zinalokuomba ni kuizima Defender. Yaani umemtoa mlinzi ili fundi wa kufuli bandia aingie.

Tukirudi kwenye kaunta ya Moi Avenue, hesabu ya pesa ina jambo moja linaloupendelea upande wa Pro na moja linaloupendelea upande wa Home. Kwa bei za Marekani, Home huuzwa dola 139 na Pro dola 199, tofauti ya dola 60. Ukianza na Home kisha ukapanda baadaye kupitia duka la Microsoft, unalipa dola 99, karibu shilingi elfu kumi na tatu. Kuchelewa kuna faini. Lakini kupanda huko ni kazi ya dakika chache, mashine inajiwasha upya na faili zako ziko palepale, wakati kushuka kutoka Pro kwenda Home kunakulazimisha kusakinisha upya. Kwa mtu asiyejua bado atahitaji nini, Home inamwachia mlango wazi. Mimi naona wengi hawatakuja kuupita, na kwao faini hiyo ni ya kufikirika.

Mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa ataniambia anahitaji Hyper-V, ya kuendesha kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta, na Hyper-V iko kwenye Pro. Kweli, ila VirtualBox inakwenda kwenye Home, ni bure, na Linux ya ndani ya Windows, WSL, nayo inakubali Home. Akifika mahali ambapo havimtoshi atajua mwenyewe, wala hatahitaji makala yangu.

Kwa hiyo nilimwambia shemeji achukue Home, na zile elfu nane aziweke kwenye RAM ifike gigabaiti 16 ikiwa mashine ina nafasi ya kuongezea, pamoja na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Aangalie pia isiwe ile ya hali ya S, inayokataa programu yoyote isiyotoka kwenye duka la Microsoft; kuitoa ni bure, ila ukishaitoa huirudishi. Alikubali shingo upande. Nadhani neno Pro lilikuwa limeshamkaa.

Jumamosi nilikwenda kwake Kisauni. Akaunti tuliifungua kwa barua pepe yake mwenyewe na namba ya simu yake mwenyewe, kisha tukaufungua ule ufunguo wa urejeshaji kwenye simu. Mwanawe wa darasa la saba akausoma kwa sauti, makundi manane ya tarakimu sita sita, babake akiandika kwenye daftari analowekea risiti za maji. Kundi la tano likakataa kulingana, wakaanza upya tangu mwanzo. Stima ikakatika katikati, wakamaliza kwa tochi ya simu.