Neno "address" lina d mbili

Mimi nilisoma Goma, Congo, kwa Kifaransa, tangu shule ya msingi hadi diplome. Mkono ukazoea "adresse": d moja, s mbili, e mwishoni. Nilipofika Louisville, Kentucky, niliikata ile e tu, nikawa naandika "adress". Kumbe Kiingereza kinataka d mbili.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka barua kwenye ofisi moja kueleza kwamba nimehama. Karani alilizungushia neno hilo wino mwekundu, akamwambia mwenzake kuwa watu hawa hawajaingia darasani. Iliniuma, na hadi leo inaniuma. Anayeandika "adress" mara nyingi ni mtu aliyesoma vizuri, ila kwa lugha nyingine. Waingereza wenyewe neno hilo walilichukua kwa Wafaransa, kisha wakaliongezea d ili lifanane na "ad" ya Kilatini. Ndugu zangu mliotangulia huku, mkiliona kosa hilo kwenye fomu ya mama aliyefika juzi, mwelekezeni kwa upole. Na mwambieni ajihadhari na "apartment" pia, maana hapo mambo yamegeuka: Kifaransa kina p mbili, Kiingereza moja.

Neno "address" lina maana nyingi. Ni mahali mtu anapokaa. Ni hotuba, kama ile ya Lincoln kule Gettysburg mwaka 1863. Tena ni namna ya kumwita mtu.

Maana ya kwanza Marekani wameitimiza, lazima nikiri. Nina namba ya mlango, jina la barabara, na zile tarakimu 5 za posta walizoanza kuzitumia mwaka 1963. Usiku mmoja mwanangu alibanwa kifua. Nilipiga 911, nikataja namba zangu, na gari la wagonjwa likafika bila kumuuliza mtu njiani. Goma ningetoka naye mgongoni nikatafute motari, dereva wa pikipiki, gizani. Natamani mama zetu kule wangekuwa na msaada kama huo.

Ila ile ya kumwita mtu, huku nimeikosa. Kwetu mgeni alikuwa anaambiwa: "Ukifika Birere, ulizia kwa Mama Mapasa, kila mutu anamujua." Mapasa, yaani mapacha, ni mimi na dada yangu; tangu tulipozaliwa, mama hakuitwa tena jina lake la kwanza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano Nyiragongo ilishuka, ikapasua mji hadi ziwani. Avenyu yetu ilizama chini ya jiwe, na kama nyumba ilikuwa na namba, ilizama nayo. Sisi tulikuwa tumekimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Mjomba alitoka Bukavu bila simu wala karatasi, akawa anauliza tu: Mama Mapasa ameonekana wapi? Muuza makala alimwelekeza kwa fundi cherehani, fundi akampeleka kwa mama mmoja wa kwaya. Siku ya tatu alitukuta tumelala uani kwa watu.

Hapa nimekaa miaka 6 kwenye jengo moja. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu huniita "namba 14", naye kwangu ni namba 13. Jumamosi iliyopita nilimgongea, nikamtajia jina langu na la mwanangu, nikamuuliza lake. Tulisimama kwenye korido karibu saa nzima.