Bob Dylan wa mtumba?

Juzi nilimchezea binamu yangu Tales of America, albamu ya kwanza ya J.S. Ondara, ngoma ya pili haijaisha akavua hedifoni akaniambia huyu ni Bob Dylan wa mtumba, yaani nakala ya yule mwimbaji mkongwe wa folk wa Marekani. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na kusema ukweli hilo neno mtumba bado linanisumbua, maana nusu yake ni kweli na nusu nyingine ni uonevu tu.

Kwa wasiomjua, Ondara ni kijana wa Nairobi, mzaliwa wa 1992. Nyumbani hakukuwa na hela ya gitaa, alikuwa anasikiliza redio na kutunga kichwani basi. Siku moja akabishana na mwenzake kuhusu mwenye wimbo wa Knockin' on Heaven's Door, yeye akashikilia ni bendi ya Guns N' Roses, wakawekeana dau, akala hasara, kumbe ni wa Dylan, na hapo ndo akaanza kumsikiliza Dylan vizuri. Dylan kwao ni Minnesota, kwa hivyo 2013 jamaa akafunga virago mpaka Minneapolis, na gitaa amejifunzia huko akiwa tayari mtu mzima. Albamu ikatoka Februari 2019, Januari 2020 ikawa kwenye tuzo za Grammy kipengele cha Albamu Bora ya Americana, yaani muziki wa Marekani wenye mizizi ya folk na country, Keb' Mo' akaondoka na tuzo.

Sasa hoja ya binamu. Ngoma kumi na moja, Kiswahili hamna, Nairobi haionekani popote, ukiweka na ile kofia na suti unaona mtu aliyeingia kwenye nguo za mwenzake. Jina linaahidi hadithi za Marekani lakini hadithi zenyewe ni chache, nyingi ni mtu anaongea na moyo wake, mapenzi yameenda, upweke umebaki. Hapo sina cha kumpinga.

Nilijaribu kumtajia Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga kule Kongo, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akipiga wimbo wake Masanga kwa vidole, nikamwambia gitaa lenyewe lilitoka ng'ambo na hakuna aliyemwita Bosco mtumba. Akanikamata hapo hapo: ndio, lakini Bosco aliimba Kiswahili. Haya, moja bila.

Ila kuna kitu ambacho nadhani hakukisikia kwa sababu alivua hedifoni mapema. Dylan sauti yake inakwaruza, anasukuma maneno kama anakudai. Ondara sauti ni nyembamba, safi, inapanda juu halafu inakaa huko bila haraka, hiyo hakuazima kwa mtu. Na kuna ngoma inaitwa Turkish Bandana, mara ya kwanza naisikiliza nikiwa kwenye matatu nilidhani waya umekatika, nikachomoa nikachomeka tena, kumbe hakuna ala yoyote, ni yeye na pumzi yake tu. Unasikia kabisa akivuta hewa kati ya mistari. Mtu aliyetunga miaka yote hiyo bila gitaa lazima melodi yake isimame yenyewe kwa miguu, na ukishaishika hiyo unaanza kuona kwamba hata kwenye zile zingine gitaa halimwongozi, linamfuata nyuma kama mtu anayemmulikia mwenzake tochi. Hiyo ndo tofauti ya kuiga na kujitafuta, kwangu mimi.

Kasoro yangu mimi iko kwingine. Albamu inatembea mwendo mmoja. Prodyusa Mike Viola ameacha nafasi kubwa sana, hata wageni kama Andrew Bird na Taylor Goldsmith wa bendi ya Dawes wameingia kwa adabu kama watu waliokuja kwenye nyumba yenye mtoto amelala. Kwa ngoma tatu nne ni raha tupu, lakini ukifika katikati unatamani mtu apige dramu kwa hasira hata mara moja, na hapigi. Wanaosema inachosha hawajakosea sana, wanaosema ndo uzuri wake nao nawaelewa, inategemea unasikiliza usiku ama unaosha vyombo.

Nilipomrudishia hedifoni nikamwekea God Bless America, ile anayoiuliza Marekani kama itamfungulia mlango ama imejaa. Haitaji Nairobi, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi na bahasha ya makaratasi akisubiri namba yake iitwe anajua huyo anayeuliza ametoka upande gani wa dunia. Binamu ameshanyimwa viza mara mbili, nchi sitaitaja. Akaisikiliza mpaka mwisho, akakaa kidogo akichezea kikombe.

"Hiyo moja nirushie," akasema. "Zingine kaa nazo."