Doa Likishang'aa, Sindano ya Nini?

Mgonjwa wa kwanza ana ini lililojaa makovu. Amechomwa mshipani dawa ya kontrasti, ile inayofanya damu ing'ae kwenye picha, na sekunde 35 baadaye picha ya CT inaonyesha doa la sentimita tatu likiwaka kuliko ini lililolizunguka. Dakika chache zikipita, doa lilelile limefifia hadi kuwa jeusi kuliko ini. Daktari wa radiolojia anaandika bila kusita: saratani ya ini. Mgonjwa wa pili ana pete inayong'aa ndani ya ubongo. Ripoti yake inataja jipu, saratani iliyosambaa kutoka kwingine, uvimbe wa ubongo wenyewe na kifua kikuu, kisha inamwachia mzigo daktari aliyeomba kipimo.

Mmoja kapewa jina, mwenzake kapewa orodha. Hapo ndipo ubishi unapoanzia: namna doa linavyong'aa inatosha kulipa jina, au nyama inyofolewe kwanza, iende chini ya hadubini?

Wanaosema inatosha wana hoja nzito, na ngome yao ni ini. Kiungo hiki hupata damu kwa njia mbili: takriban robo tatu huletwa na veni ya lango, robo huletwa na ateri. Saratani inayozaliwa ndani ya ini lenye makovu hutegemea zaidi ateri. Kwa hiyo dawa inapopita kwenye ateri uvimbe huwaka peke yake. Veni ya lango inapoleta sehemu yake, kati ya sekunde 60 na 80, ini nalo hung'aa na uvimbe hubaki nyuma. Kilichopigwa picha hapo ni njia ya damu. Mfumo wa LI-RADS, unaopanga madoa ya ini kwa makundi, ulioanzishwa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 2011, umesimama juu ya jambo hilo. Katika toleo la 2018, doa la milimita 20 au zaidi linalowaka katika awamu ya ateri, bila umbo la pete, kisha likafifia au likaonyesha ganda, huingia kundi la tano, lile la saratani ya ini isiyo na shaka. Mgonjwa wa kundi hilo anaweza kuanza matibabu bila kuchomwa sindano ya biopsi, ile inayonyofoa nyama ya kupima. Na sindano yenyewe si mchezo: ini bovu huvuja damu kirahisi, seli za saratani zinaweza kupandwa njiani sindano ilikopita, na wakati mwingine nyama iliyotoka si ya uvimbe kabisa.

Lakini tazama sharti linalosomwa haraka haraka. Mfumo huo ni wa watu wazima wenye sirosisi (ini lenye makovu), homa ya ini B sugu, au waliowahi kuugua saratani hiyohiyo. Mwondolee mgonjwa sirosisi, ubakize picha ileile, na jina linayeyuka: inaweza kuwa adenoma, uvimbe usio saratani, inaweza kuwa saratani iliyotoka kwenye kongosho. Basi nusu ya nguvu ya picha ilikuwa kwa mgonjwa kabla hajalala kwenye mashine. Nusu nyingine iko kwenye saa. Ripoti inayosema "doa limeng'aa" bila kutaja ni awamu gani ni sawa na barua isiyo na tarehe, na bado zinaandikwa kila siku.

Hemanjioma ya ini, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, haina ubishi mwingi. Hung'aa kwa vinundu pembeni, ikajaa polepole kuelekea katikati, mng'ao wake ukifuatana na ule wa mishipa ya damu. Ikiwa hivyo, hata wapenda sindano huiacha.

Ubongo ni habari nyingine. Kuta za mishipa yake kwa kawaida haziruhusu dawa kupenya, kwa hiyo mng'ao hueleza zaidi kwamba ukuta umevunjika. Nani kauvunja, hausemi. Kweli zipo dalili: pete nyembamba na laini huelekea jipu, pete nene yenye mabonde huelekea glioblastoma, saratani kali ya ubongo, na pete iliyo wazi upande unaogusa sehemu ya kijivu hufanana na ugonjwa unaokula ganda la neva. Picha za MRI zinazopima mwendo wa maji husaidia pia, kwa kuwa usaha mzito hubana maji. Ila jipu la toksoplasma, kimelea kinachoshambulia ubongo kinga ikishuka, mara nyingi halifuati kanuni hiyo.

Baya zaidi ni pale mng'ao unapodanganya baada ya matibabu. Mgonjwa wa glioblastoma akimaliza mionzi pamoja na temozolomide, dawa ya saratani, pete inaweza kukua ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kisha ikanywea bila dawa kubadilishwa, kumbe si saratani iliyokuwa ikikua. Bevacizumab, dawa nyingine ya saratani, hufanya kinyume: huziba mishipa inayovuja, mng'ao hutoweka upesi, na uvimbe huku nyuma unaweza kuwa unaendelea kutambaa. Vigezo vya Macdonald vya 1990, vya kuamua kama uvimbe wa ubongo umeitikia matibabu, vilipima sehemu inayong'aa; vile vya RANO vya 2010 vikalazimika kuhesabu na isiyong'aa. Kwangu hayo ni maungamo ya fani nzima.

Je, hadubini basi ndiyo hakimu? Si kila mara. Sindano ikitua katikati ya pete hutoa nyama mfu isiyo na jibu, na shina la ubongo halichomwi ovyo. Hapo picha na sindano huacha kushindana, maana ni ukingo unaong'aa unaomwonyesha daktari wa upasuaji pa kuchukua kipande.

Naegemea hivi: kwenye ini lenye sirosisi, picha iliyopigwa kwa wakati wake naiamini, kwenye ubongo naisikiliza tu. Na kuna shahidi wa tatu asiyehitaji kisu. Mgonjwa wa VVU mwenye kinga ya chini na pete kadhaa ubongoni mara nyingi huanzishiwa dawa za toksoplasma, akapigwa picha tena baada ya wiki mbili hivi. Pete zikisinyaa, hachomwi. Zikikua, limfoma, saratani ya seli za kinga, inapanda juu ya orodha na sindano inatayarishwa, mradi hakupewa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, katikati, kwa sababu hizo hupunguza mng'ao wa toksoplasma na wa limfoma pia.