Kima aliyekosa zabibu

Mwambie mtu kwamba kima wamefundishwa kutambua kifuniko chenye zabibu kavu chini yake, atakujibu: tamaa tu hiyo. Mlishe mara mia, hata kuku atajua.

Hoja hiyo ina miguu. Katika utafiti ambao Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliuchapisha mwaka 1949, kima wanane wa aina ya rhesus walirudia kila fumbo mara 50, kwa mafumbo 32 ya mwanzo. Huo ni ukariri, wala sitauita jina jingine.

Ila wengi huishia hapo, na utamu uko mbele. Kila fumbo lilikuwa na vishimo viwili vilivyofunikwa kwa vitu visivyofanana, na chakula kilikuwa chini ya kimoja tu. Vitu vilibadilishwa upande, kwa hiyo kukariri kulia au kushoto hakukufaa kitu. Ilibidi kukiangalia kitu chenyewe. Uchaguzi wa kwanza ni bahati nasibu. Mtihani ni wa pili. Mwanzoni, huo wa pili nao ulikuwa karibu na kubahatisha. Baada ya mafumbo 250 na ushee, kwa vitu ambavyo hawajawahi kuviona, walipatia mara 97 katika 100.

Hapo ndipo mimi hukwama. Mtazame yule aliyekosea mara ya kwanza. Amefunua, pakavu. Vitu vinarudishwa, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kile kingine. Kimempa nini hicho kingine? Hakijampa hata punje. Kama ni tamaa ya alichokwisha kuonja, ingempeleka wapi?

Wanaopinga watasema "ukipata baki, ukikosa hama" nayo ni mazoea, yamejengwa na chakula kilekile. Sawa, nakubali nusu. Tena wanaye Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo: vipimo vyake vya ubongo wa kima vilionyesha seli zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na malipo, zikisisimkia juisi kwanza, kisha, somo likishaingia, zikiisisimkia ishara inayoitangulia. Juisi isipokuja, msisimko hushuka wakati uleule ilipotarajiwa. Wao husoma hapo nguvu ya malipo. Mimi nasoma kwamba hata kukosa kumeandikwa mle kichwani, kwa saa yake, na ndicho alichokitumia yule aliyefunua pakavu.